Kijiti cha Mbele Kimekuwa Ukungu: Kutatua Matatizo ya Kulenga kwa Vilengeo vya Chuma Umri Unapokwenda

Mlenga shabaha aliyevuka miaka 45 akiona matundu yake yametawanyika kwenye karatasi, huanza kulaumu bunduki, kisha risasi, kisha mkono wake. Mara nyingi havina kosa. Kilichobadilika ni jicho, na jicho likibadilika kidogo tu, vilengeo vya chuma ndivyo vya kwanza kulalamika, kwa sababu vinalidai lishike vitu vitatu kwa pamoja: kilengeo cha nyuma kilicho karibu na uso, kilengeo cha mbele kilicho karibu mita moja, na shabaha iliyo mita 50 au 100.

Katika maelezo haya, kilengeo cha mbele ni kile kijiti au kinundu kilicho karibu na mdomo wa mtutu. Kilengeo cha nyuma ni kile chenye pengo, kama kwenye bunduki za jamii ya AK, au chenye tundu, kama kwenye Lee-Enfield No. 4 na bunduki nyingi za mashindano.

Kabla ya jaribio lolote hapa chini, ondoa magazini, vuta boliti nyuma, tazama chemba kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote ziwekwe chumba kingine. Hata kwa jaribio la kuangalia tu, mdomo wa mtutu uelekezwe ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu.

Anza na kadi yenye tundu

Chukua kipande cha kadi ngumu, kitoboe kwa msumari mwembamba upate tundu la milimita 1 hadi 1.5, lisiwe na nyuzinyuzi pembeni. Lenga kama kawaida ukiwa mahali penye mwanga mzuri, uone ukungu ulivyo. Sasa weka kadi mbele ya jicho la kulengea, karibu kabisa na kope, ulenge tena.

Kijiti kikikaza na kuwa cheusi chenye kingo, tatizo lako ni la miwani: jicho halikusanyi nuru mahali sahihi, na lenzi au tundu litakusaidia. Kikibaki na ukungu uleule, au kikazidi kuwa kibaya, tatizo huenda liko ndani ya jicho lenyewe, yaani mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) au mshipa wa fahamu wa jicho. Hapo usinunue chochote kwanza. Nenda ukapimwe kliniki ya macho.

Shabaha iko wazi, kijiti cha mbele kina ukungu

Hii ndiyo dalili inayowaleta walengaji wengi. Lenzi iliyo ndani ya jicho hugeuza umbo ili kuona karibu, na kadiri miaka inavyopita inakuwa ngumu. Nguvu hiyo hupimwa kwa dayopta. Kwa wastani mtu wa miaka 20 anazo kama 12, wa miaka 40 anazo kama 6, wa miaka 50 anabaki na 3 na kitu, na wa miaka 60 hana hata moja kamili. Kisha jua kwamba hakuna anayeweza kutumia nguvu yake yote kwa muda mrefu. Nusu yake ndiyo inayovumilika. Ndiyo maana mtu wa miaka 50 huona kijiti vizuri kwa risasi 5 za kwanza, halafu kikamtoroka.

Wengi wakifika hapa huamua kuitazama shabaha iliyo wazi na kukiacha kijiti kiwe kivuli. Usifanye hivyo, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kwenye AK umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni milimita 378. Kijiti kikikaa milimita 1 tu pembeni ya katikati ya pengo, risasi itakosa kwa sentimita 26 katika mita 100. Lakini kama vilengeo vimepangana sawasawa na mkono umeyumba sentimita 5 kwenye shabaha, utakosa kwa sentimita 5 hizohizo. Kosa la kupanga vilengeo huzaliana njiani, ila kosa la kuelekeza hubaki lilivyo. Kwa hiyo jicho likiweza kushika kitu kimoja tu, lishike kijiti.

Dawa ni lenzi dhaifu sana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Umbali kutoka jichoni hadi kwenye kijiti ndio unaoamua, basi upime. Kaa katika mkao wako halisi wa kulenga, msaidizi asimame ubavuni na futi ya fundi cherehani, apime kutoka pembe ya jicho hadi kijiti. Gawanya 100 kwa sentimita ulizopata, kisha gawanya jibu kwa 2. Kwa bunduki ndefu yenye sentimita 90: 100 ÷ 90 ni 1.11, nusu yake 0.56, na lenzi iliyo karibu ni +0.50. Kwa bastola iliyo sentimita 65 kutoka jichoni: 1.54, nusu yake 0.77, chukua +0.75.

Kwa nini nusu? Ukiweka nguvu kamili, kijiti kitakaza lakini shabaha itayeyuka. Ukiweka nusu, jicho linakaza mahali palipo mara 2 ya umbali wa kijiti, na ukungu unagawanywa sawa: kijiti kinapata kidogo, shabaha inapata kidogo, na vyote vinavumilika. Mwenye miaka 50 hujaziliza ile nusu iliyobaki kwa nguvu ya jicho lake mwenyewe. Mwenye miaka 65 hawezi, na yeye huhitaji kuongezea tundu, tutakalolifikia.

Namba hiyo huongezwa juu ya namba yako ya kuona mbali. Asiyevaa miwani ya mbali anaagiza +0.50. Mwenye −1.50 anaagiza −1.00. Mwenye +1.00 anaagiza +1.50. Kama una namba ya astigmatizimu, yaani ya jicho ambalo mviringo wake si sawa pande zote, ibaki palepale bila kuguswa. Mwambie mtaalamu wa miwani maneno haya: lenzi ya namba moja, isiyo na sehemu ya kusomea, jicho la kulengea liongezwe +0.50, jicho lingine libaki na namba ya mbali, na lenzi ziwe za polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi. Sharti hili la mwisho usilikubalie punguzo. Kipande cha ganda la risasi au gesi inayorudi nyuma havichagui umri, na lenzi ya kioo ikivunjika mbele ya jicho ni hatari kuliko kutovaa kitu.

Bunduki haiendi kliniki. Kata fimbo yenye urefu ule uliopimwa, bandika njiti ya kiberiti ikiwa imesimama kwenye ncha yake. Njiti ina unene wa takriban milimita 2, karibu sawa na kijiti cha bunduki nyingi. Kwenye chumba cha kupimia, shika fimbo chini ya jicho, tazama njiti huku nyuma yake kukiwa na bango la mbali au dirisha la jengo la ng'ambo ya barabara. Mtaalamu abadilishe +0.25, +0.50, +0.75 na +1.00. Chagua ile ambayo njiti ni nyeusi na bango bado lina umbo. Ukisita kati ya mbili, chukua iliyo dhaifu.

Umevaa miwani ya kusomea: kijiti safi, shabaha imepotea

Miwani ya kusomea ya +2.00 imekatwa kwa ajili ya kitabu kilicho sentimita 50, na ya +2.50 kwa sentimita 40. Kwenye umbali huo hakuna kijiti wala shabaha. Kilichopo ni mgongo wa bunduki. Ile ya +1.00, ambayo ndiyo dhaifu zaidi inayopatikana kwa urahisi madukani, inaweza kumfaa mtu wa bastola asiye na namba ya mbali. Kwa bunduki ndefu imezidi.

Miwani yenye sehemu mbili, au ile inayobadilika polepole kutoka juu hadi chini, ina shida yake. Sehemu ya kati ambayo ingekufaa ni ukanda mwembamba, na ili kuupata unainua kidevu. Kidevu kikiinuka shavu linaachana na kitako, na kila risasi inapigwa na jicho lililo mahali tofauti. Matundu hupanda na kushuka kwa mstari wa wima. Ukiona mstari huo kwenye karatasi yako na unavaa miwani ya aina hiyo, sababu umeipata.

Hata lenzi ya namba moja ina neno. Ukilala kifudifudi au ukiinamisha kichwa, unatazama kupitia kona ya juu, upande wa pua, na si katikati ya lenzi. Kwa mwenye namba kubwa, tuseme −3.00 na kuendelea, kona hiyo huvuta umbo na kuongeza ukungu. Fremu kubwa inayokaa juu, au pedi za pua zilizokunjwa ili miwani ipande, hurudisha katikati ya lenzi mbele ya jicho.

Ukungu uko kwenye kilengeo cha nyuma

Uache. Hata kijana wa miaka 20 haoni pengo la nyuma kwa ukali anapotazama kijiti. Kinachohitajika ni mianga miwili, kulia na kushoto kwa kijiti, iwe sawa.

Tatizo huja pale ukungu wa kingo za pengo unapokula mianga hiyo hadi usiione. Pengo likiwa jembamba na kijiti kinene, jicho la uzeeni halina pa kulinganisha. Kijiti chembamba kidogo au pengo pana zaidi hutibu, lakini kazi hiyo ni ya fundi wa bunduki mwenye leseni. Askari na walinzi wanaobeba silaha ya serikali au ya kampuni wasiguse chuma chochote kwa tupa; wao wana njia ya lenzi, na inatosha.

Kutumia tundu dogo

Tundu ni rafiki mkubwa wa jicho la mzee. Jicho lililokaza mbali likitazama kijiti, kila ukingo wa kijiti hupakwa ukungu wenye upana sawa na upana wa mlango wa nuru. Mboni ikiwa imefunguka milimita 4, kijiti cha milimita 2 kinazama kabisa ndani ya ukungu wake. Weka tundu la milimita 1.2 mbele ya jicho, na ukungu unashuka hadi milimita 1.2. Hakuna lenzi iliyobadilishwa, na shabaha nayo inakaza pamoja na kijiti.

Ukubwa unaofaa mchana ni milimita 1.1 hadi 1.3. Chini ya milimita 1 picha inakuwa ya giza na nuru yenyewe huanza kujikunja pembezoni mwa tundu, ukungu mpya ukaingia mlango wa nyuma. Jioni, au siku ya mawingu, fungua hadi 1.5 au zaidi. Kilengeo cha nyuma chenye tundu linalofunguka na kufunga kwa kuzungusha pete kinastahili bei yake kwa mtu aliyevuka miaka 55. Kumbuka tu kwamba retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya nuru inayoifikia retina ya kijana, hivyo usinakili ukubwa wa tundu la mwanao.

Tundu hufanya kazi likiwa karibu na jicho. Kulifunga pale lilipo pengo la AK, mbali na uso, hakutakupa faida hii. Litakuwa pete inayoelea tu. Mwenye bastola, au bunduki yenye pengo, anaweza kulibandika kwenye miwani. Kata kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme chenye upana wa milimita 10, kitoboe tundu safi la milimita 1.5 hadi 2. Shika mkao wako wa kulenga, msaidizi aweke alama kwa kalamu kwenye lenzi pale mstari wa jicho unapopita, kisha bandika. Utahitaji kusogeza mara 2 au 3. Hii ni ya uwanja wa shabaha pekee. Mwindaji na mlinzi wasiitumie, maana inaziba sehemu kubwa ya kile wanachopaswa kukiona pembeni.

Kwa walengaji wa bunduki ya upepo mita 10, ambao mbele wana pete badala ya kijiti: duara jeusi la karatasi lina milimita 30.5, na kwenye pete iliyo sentimita 88 kutoka jichoni linaonekana kama milimita 2.7. Pete ya 3.2 inayopendwa na vijana huacha mwanga mwembamba sana. Panda hadi 4.0 au zaidi. Wengi huogopa kwamba pete kubwa italegeza ulengaji, lakini jicho hupima vizuri zaidi katikati ya duara lenye mwanga wa kutosha kuliko ukingo linaoushuku.

Kijiti kinaonekana viwili, au kina kivuli upande mmoja

Mara nyingi ni astigmatizimu isiyorekebishwa au iliyobadilika. Jaribu kadi yenye tundu. Kivuli kikiondoka, kapime upya namba yako, kwani ya miaka 5 iliyopita huenda imehama. Kivuli kikikataa kuondoka, na usiku taa za magari zina miale au pete kubwa, hizo ni dalili za kawaida za mtoto wa jicho.

Risasi zinahama na jua

Asubuhi kundi la matundu liko kulia, alasiri liko kushoto, na upepo hakuna. Angalia kijiti kimechubuka wapi. Rangi nyeusi ikitoka, upande wa jua hung'aa, na jicho lenye ukungu huchukua sehemu inayong'aa kuwa ndiyo kijiti. Jua likiwa kulia, unaweka mng'ao wa kulia katikati ya pengo, kijiti chenyewe kimeenda kushoto, na risasi inakwenda kushoto. Risasi hukimbia jua. Vinundu vya duara vina tabia hii kuliko vijiti bapa.

Tiba ya zamani bado ni bora: masizi. Bunduki ikiwa tupu na risasi zikiwa mbali, futa mafuta yote kwenye kijiti kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha moshi wa kibatari chini yake kwa sekunde chache hadi kiwe cheusi kisichong'aa. Usikiguse tena kwa kidole. Masizi hukaa siku moja ya mazoezi. Anayetaka ya kudumu apake rangi nyeusi isiyong'aa.

Miwani ya jua yenye giza sana si msaada hapa. Inapunguza nuru, mboni inafunguka, na ukungu wa kijiti unapanuka nayo. Kofia yenye ukingo hukinga jua bila kuadhibu mboni. Lenzi ya njano haileti nuru yoyote mpya. Huongeza tu tofauti kati ya cheusi na cheupe, jambo linalosaidia siku ya ukungu.

Kijiti kilikuwa wazi, kikafifia ukiwa umelenga

Umekaa mno. Baada ya sekunde 6 hadi 8 bila kupepesa, machozi hukauka juu ya jicho na picha huanza kufutika, hata kama ubongo bado unakuambia unaiona. Macho hukauka zaidi umri ukienda, basi muda wako ni mfupi kuliko ulivyokuwa. Risasi isipotoka ndani ya sekunde hizo, ondoa kidole kwenye triga, shusha bunduki, pepesa mara kadhaa, tazama majani au ukuta wa kijivu kwa sekunde 10, uanze upya. Kutazama karatasi nyeupe inayopigwa na jua kati ya risasi na risasi kunaichosha retina ileile unayotaka kuitumia.

Chanzo cha pili ni kufumba jicho lingine kwa nguvu. Misuli ya uso hukaza na jicho linalolenga hutetemeka nalo. Acha yote mawili wazi, weka kipande cha plastiki nyeupe kama maziwa, upana wa milimita 30, mbele ya jicho lisilolenga. Kiwe cheupe. Ukiziba kwa kitu cheusi, mboni ya jicho lililozibwa hufunguka, na ya mwenzake hufuata.

Kundi zima limehamia kushoto, nawe unatumia mkono wa kulia

Ikiwa unalenga macho yote wazi, chunguza jicho linalotawala. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa vidole, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalotawala. Mtoto wa jicho ukianza kwenye jicho la kulia, utawala unaweza kuhamia jicho la kushoto bila mwenyewe kujua. Kile kipande cheupe cha plastiki hurudisha mambo mahali pake kwenye karatasi, lakini sababu ya kuhama bado inahitaji kupimwa.

Leo naona, wiki ijayo sioni

Namba inayoyumba namna hii humwelekeza mtu kwenye kisukari. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho huvimba na namba hubadilika. Ikishuka, hubadilika tena. Pima sukari. Ikiwa ndiyo kwanza umeanza dawa, subiri wiki kadhaa sukari itulie ndipo uagize miwani, la sivyo utailipia mara mbili.

Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, au doa likikaa katikati ya picha, hilo ni la daktari wa macho ndani ya siku hizohizo. Mimweko ya ghafla, mvua ya vidoa vyeusi, au pazia linaloshuka upande mmoja ni la leo, na bunduki irudi kabatini.

Anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho amweleze daktari mapema kwamba analenga kwa vilengeo vya chuma, na kwa jicho lipi. Lenzi ya kupandikiza iliyo ya kawaida hukaza umbali mmoja tu, na mara nyingi huwekwa kwa kuona mbali. Baada ya kupona, hesabu ya +0.50 au +0.75 inamfaa vilevile, tena kwa uthabiti, kwa kuwa namba yake haitahamahama kama ya zamani.

Baada ya miwani mpya

Miwani haihamishi mtutu, ila inabadilisha jinsi unavyokiona kijiti, na kundi linaweza kusogea. Piga risasi 5 mita 100 ukiwa umeegemeza bunduki, tafuta katikati ya kundi, ndipo urekebishe. Kilengeo cha mbele hufuata kosa: risasi zikipiga juu, kijiti kinapanda, zikipiga kushoto, kijiti kinasogezwa kushoto. Kwenye AKM, mojawapo ya bunduki za jamii ya AK, mzunguko mmoja kamili wa kijiti ni sentimita 20 katika mita 100, na kusogeza pembeni milimita 1 ni sentimita 26. Kilengeo cha nyuma hufanya kinyume, kinasogezwa kule unakotaka risasi iende.

Kama duara la shabaha bado lina kingo laini, usikigusishe kijiti kwenye ukingo wake wa chini. Jicho litakudanganya ukingo uko wapi, na kila risasi itapanda au kushuka. Acha ukanda mweupe ulio wazi kati ya ncha ya kijiti na duara, unene kama nusu ya upana wa kijiti, kisha rekebisha vilengeo ili risasi ziingie katikati kwa picha hiyo. Andika kwenye daftari: namba ya lenzi, ukubwa wa tundu, saa, hali ya jua, na kundi lilipoangukia. Kapime macho kila mwaka na daftari hilo mkononi.